Mimi Thelathini na Moja

Asubuhi Fahmi Shekuwe alikiri redioni.
Sonona, alisema. Vidonge, mwezi wa nane sasa.
Nilikuwa nafuta vumbi rafu ya dawa za minyoo,
nikazihesabu "mimi" zake:
thelathini na moja, kabla ya tangazo la saruji.

Kufika adhuhuri Malindi nzima yampa pole.
Shujaa, wasema. Kavunja ukimya.

Ukimya gani?
Nyevu wa Gongoni huja kila mwisho wa mwezi,
nyufa za vidole zimejaa chumvi ya watu,
hukunjua noti, huagiza "vile vyeupe"
kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti.
Zikipungua hela, huchukua nusu pakiti.
Namkatia kwa mkasi.

Nilijiandaa kumchukia yule kijana.
Magharibi akaingia dukani, kofia hadi machoni,
akasubiri mwenye mtoto atoke.
"Zimeniishia tangu Jumatatu," alisema.
Mikono ikimtetemeka, akaitia mifukoni.

Ile sauti ya redio hakuja nayo.

Nikamsogezea kiti.
Nami, ninayemeza changu kila alfajiri
nyuma ya pazia la stoo,
nikamuuliza kama ana chenji.