Bado

Kila Jumamosi, kabla hata hujavua koti la mvua,
uliniuliza, Akiiki,
nami nilikujibu kwa neno moja:
bado.
Ulilipokea kwa kukunja pua,
ukaenda kushika kizingiti cha dirisha
ambacho sisi tulikiita fito.

Shangazi yako aliyeko Leeds alikuwa ameshatuma viatu,
rangi ya nyama ya pera lililoiva,
riboni zimekunjwa kama barua.
Mama akaviweka juu ya kabati
kati ya sufuria ya harusi na redio iliyokufa,
kana kwamba hukujua kupanda kiti.
Ulivivaa usiku. Nilijua.
Malengelenge hayatunzi siri.

Kwa hiyo siku ile nilivua soksi mbele ya darasa zima.
Tazameni, nikasema, kidole gumba cha kulia,
kinavyowachungulia majirani zake.
Nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu wangu alikuwa na haraka,
na mimi nilikuwa na haraka kumzidi.
Mguu wa mtoto si mfupa wote:
ndani mna gegedu, mbichi kama mzizi wa haragwe,
na ukiusimamisha juu ya ncha kabla haujakomaa
utakusikiliza, utapinda,
wala hautakuambia kitu mpaka utimize thelathini.
Mlicheka. Wewe hukucheka.

Simama kwa mguu mmoja. Kisigino juu. Ukuta usiguswe.
Hesabu kwa Kirutooro ukitaka, ila ufike thelathini.
Kumi na tisa, na kifundo kikalalia ndani
kama ng'ombe anayenyemelea shamba la mtu.
Bado.
Mwezi wa nne, ishirini na nne. Goti limelegea.
Bado.
Mwezi wa sita hatukufanya mazoezi wiki mbili,
ukumbi wa parokia ulikuwa na harusi, kisha msiba,
na tuliporudi mbao zilinuka pilau
na wewe ulikuwa umefika thelathini peke yako, nyumbani,
ukisonga uji.
Nikatazama mgongo. Nikatazama tumbo.
Nikasema neno lile lile, na safari hii
lilinikwama kidogo.

Bwana Byaruhanga, mshika funguo, hulala kwenye benchi la nyuma.
Watoto wakiruka huamka, huhesabu viti, hulala tena.
Mwaka mzima ukapita hivyo, na nusu ya mwingine:
mvua juu ya mabati, Rwenzori imejifunika,
Byaruhanga akiamka na kuhesabu.

Halafu Jumamosi moja ya Septemba
uliruka mara kumi na mbili kutoka dirishani hadi mlangoni,
na ule ubao wa mlangoni, unaomsema kila mtu,
hata padri, hata paka,
ulinyamaza.
Byaruhanga hakuamka.
Nikageuka kukutazama. Ulikuwa unafunga vifungo vya koti.
Hukuwa umeuliza kitu siku hiyo.
Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho uliyouliza. Sikuweza.

Kavilete, nikasema.
Ulikimbia na kurudi, sanduku kwapani, vumbi la kabati kwenye nywele.
Ukaingiza vidole, ukavuta, ukavuta.
Kisigino kikabaki nje
kama mkate uliofura ukapita kingo za kopo.
Nilikaa tayari kwa machozi. Nilikuwa na leso.
Wewe ukatazama kiatu, ukatazama mguu,
ukacheka hadi Byaruhanga akaamka
akaanza kuhesabu viti.

Tulichana mfuko wa sukari, tukaulaza sakafuni.
Simama, nikasema, uzito wote.
Tungempigia picha shangazi, na vipimo,
miguu yote miwili, maana wa kushoto umekuzidi kidogo.
Nikapiga magoti na penseli.
Nilipofika kati ya vidole ulitekenyeka,
na mstari ukaruka pale, karibu na kidole gumba.
Sikuufuta.