Kisu cha Yuro Kumi na Tisa

Ilmo anavuta droo ya kioo, anapangusa vumbi lisilokuwepo,
ananitandazia visu juu ya kitambaa cha kijani
kama baba anayewaonyesha wageni watoto waliofaulu.
Hiki, Tyyne, mpini wake pembe ya reinda.
Hiki, chuma kimekunjwa mara mia, tazama mawimbi.
Natazama. Mawimbi nayaona.
Yuro mia tatu na arobaini naziona pia.
Kizuri chajiuza, wanasema;
hivi vinajitembeza tangu Juni.

Sitaki cha kukunja. Nilianza na hilo, nikiwa bado mlangoni.
Machi iliyopita, katikati ya ziwa,
nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri,
wavu ulininasa kifundo cha mkono kwenye tundu la barafu
na kisu changu cha kukunja kikagoma:
maji yalikuwa yameingia kwenye bawaba, yakawa jiwe.
Nilikitikisa. Nilikipulizia pumzi.
Nilimtukana aliyekiunda, na aliyemzaa.
Mwishowe niliikata kamba kwa meno,
na jino moja, la juu, kushoto,
lilibaki kule kwa sangara.
Kwa hiyo, Ilmo, nataka kisu kisicho na goti.

Cha kazi gani? anauliza.
Cha kuchana kuni za betula ziwe njiti.
Cha kutoa matumbo ya samaki, kisha mkate, baada ya kukifuta surualini.
Cha kufungulia kopo la rangi,
ambayo si kazi ya kisu, lakini tusidanganyane.

Karibu na mlango, kati ya mishumaa
na dawa ya mbu iliyosalia kiangazi,
kuna ndoo. Visu vimesimama humo na ala zao za plastiki
kama miswaki katika bilauri.

Navaa glovu zangu za sufu palepale dukani.
Mpini ni wa mpira, mwekundu, mnene,
mbaya kama boya,
lakini boya huonekana kwenye theluji.
Ubapa hauzidi upana wa kiganja changu;
mrefu zaidi ni wa kupigia picha.
Napitisha ukucha kwenye mgongo: kona inakwangua,
itatoa cheche.
Chuma kimeingia hadi wapi ndani ya mpini?
Ilmo anakuna kidevu. Robo tatu.
Robo tatu yanitosha; magogo nina shoka.
Naipindua ala juu ya kiatu chake. Anarudisha mguu.
Kisu kimeshika.

Hicho kitaingia kutu, ananionya, si chuma cha pua.
Nami naingia kutu, Ilmo,
na hakuna aliyenirudisha dukani.

Kaka yangu Oiva alikuwa na kisu cha pembe.
Posta walimpa alipostaafu,
kikaning'inia juu ya kochi miaka kumi na mmoja
bila kukata hata siagi.
Ziwani alibeba kisu cha jikoni ndani ya soksi.
Tulipogawana vitu vyake, kila mtu alikitaka kile cha ukutani.
Mimi nilichukua soksi.

Nalipa. Yuro kumi na tisa na senti tisini.
Ziwa likikimeza, nitatukana mara moja tu
na kurudi kwenye ndoo.
Sijui neno jingine la nafuu zaidi ya hilo:
kitu usichokiogopa kukitumia.

Ilmo anarudisha wale waliofaulu ndani ya droo,
mmoja mmoja, taratibu. Namhurumia kidogo.

Ndani ya gari, kioo kimeshaanza kuganda,
kazi ya kwanza ni kukata uzi wa bei yake mwenyewe.
Kinakata, kinapitiliza, kinaonja na kidole gumba.
Sawa.
Tumejuana.