Mada

Fomu ina mstari mmoja tu wa "Mada,"
na Bi. Nyakerario hapendi kalamu inayovuka mstari.
Sanduku la arobaini na moja: barua za faragha
za Elkana Mwasaru, mtunzi, Kaloleni, Nairobi,
kwa Habakuki Mghendi, mwalimu, Wundanyi.
Barua mia moja na sita. Pini zimeshika kutu,
kila pembe ya karatasi ina alama kama ya jino.

Shuleni tulikaririshwa riwaya zake.
Nilimdhani mtu wa sauti nzito, mtu asiyekohoa.
Kumbe kichwa kilimjaa bomba la maji.
"Limekauka tena, ndugu, na karani wa Manispaa
ameniagiza nilalamike kwa Kiingereza."
Akalalamika kwa Kiswahili, tena kwa mizani:

    Bomba letu lapumua, maji yake hayatoki,
    Ndoo tunazichukua, foleni haisogeki,
    Karani, ungetambua, kiu haifasiriki,
    Njoo nawe na kibuyu, ujipange kama sisi.

Jibu limebanwa nyuma yake: Imepokelewa.
Mhuri wa zambarau. Hakuna saini.

Desemba, sitini na tatu:
"Nilikuwapo. Matope hadi vifundoni.
Walishusha bendera moja, wakapandisha nyingine,
nami nikarudi kwa miguu, nikakuta
taa ya mtaani mbele ya mlango wangu inawaka,
mara ya kwanza tangu Pasaka.
Sijui niishukuru serikali ipi."

Kisha Oluga wa reli, jirani, ananunua gari;
"sasa anatusalimu kwa honi."
Kisha barabara zinabatizwa upya
na tarishi wa posta anapotea
katika mtaa aliozaliwa.
Bei ya unga. Kuku wa mchungaji, aliyeibwa,
aliyeonekana, aliyeliwa. Kurasa mbili nzima za kuku huyo!

Sitini na tisa mwandiko unapungua.
"Siku hizi tunazungumza tukiutazama mlango."
Baada ya hapo karatasi imekatwa kwa mkasi,
kidirisha cha upana wa vidole viwili.
Nani alikata, yeye au Mghendi, au mtu wa tatu,
fomu haina nafasi ya swali hilo.
Nilipitisha kidole changu
kikatokea upande wa pili,
katikati ya habari za mkewe na kikohozi.

Ya mwisho ni fupi:
"Ukishasoma, choma. Zote.
Vitabuni nimevaa tai. Humu nimo na fulana."

Binti wa Mghendi alizileta mwenyewe kwa basi la usiku,
ndani ya gunia la mahindi lililofuliwa.
Alisema, Baba naye aliniachia kiberiti.
Alisema, nilikiwasha mara mbili.
Akaomba risiti.

Saa kumi kasoro. Bi. Nyakerario amesimama nyuma yangu,
funguo zikimlia mkononi. "Andika tu:
mabadiliko ya nyakati, mambo ya mtaa."
Nikaandika hivyo, kwa wino, ndani ya mstari.

Leo ni Jumatano, zamu ya maji kwetu Umoja;
mitungi yangu mitatu nimemwachia mlinzi anishikie nafasi.
Alipogeuka kufunga dirisha
nikachukua penseli, na pale pembeni
panapofutika,
nikaongeza: bomba.