Ndoo Nusu

Musyimi, kwanza nyamaza.
Hapa ni ghorofa ya pili chini ya ardhi, Upper Hill.
Hakuna mfereji, hakuna jua,
na Okelo wa getini atatutimua tukimwaga hata kikombe.
Tuna ndoo nusu.
Ndoo nusu kwa Subaru nzima ya Bi Nkatha,
nyeusi, rangi isiyojua kutunza siri:
taa ikiwaka, kila kosa la mkono linajitangaza.

Dawa ni kifuniko kimoja. Si viwili.
Najua unadhani povu ndilo usafi.
Hii haitoi povu, wala haisuuzwi.
Inateleza tu vidoleni kama mlenda,
na utelezi huo ndio unaobeba vumbi
likapanda kitambaani bila kuing'ata rangi.
Vumbi letu unalijua:
wekundu wa Rongai,
saruji ya majumba yanayoota usiku Kilimani.
Chembe moja ya saruji chini ya kidole chako
ni msumari.

Nyunyiza. Subiri.
Wataje wajomba zako wote, polepole,
hata yule msiyesemezana naye.
Sasa vumbi limelegea.

Kitambaa kikunje mara mbili: una nyuso nane.
Anza paani. Mstari mmoja ulionyooka,
mkono usio na uzito,
kama unampangusa mtu aliyelala na hutaki aamke.
Geuza. Uso mpya, mstari mpya.
Kilichochafuka hakirudi ndooni.
Na usizungushe, Musyimi,
mizunguko ni ya chapati.

Bampa na rimu ni za mwisho, zina vitambaa vyao.
Gari likija na tope la Kitengela linaning'inia,
mwambie mwenyewe ukweli: hili likapigwe maji kwanza.
Atanuna. Mwache anune.

Mimi mwaka wa kwanza nilisugua.
Kinyesi cha ndege, boneti ya Mercedes ya rangi ya fedha.
Nilisugua kama sufuria ya ugali ulioungua.
Kikatoka kinyesi,
ikatoka rangi,
ukatoka mshahara wa miezi mitatu.

Basi nikajifunza wepesi. Kwa deni.

Mwezi wa nne mavyaa akaletwa kwangu Pipeline,
kiharusi kimemchukua upande wa kushoto.
Mavyaa huyu ndiye, siku ya mahari,
aliyeshika viganja vyangu mbele ya watu
akasema: hivi ni vya kupasua kuni.
Maji yalikuwa yamekatika tangu Jumatatu,
mtungi shilingi hamsini, na foleni juu yake.
Nikapasha ndoo nusu.
Vitambaa vinne, laini, vya kwangu mwenyewe.
Ngozi yake ilikuwa karatasi ya kufungia mandazi,
ukiivuta inabaki mkononi.
Nikaanza na paji la uso, nikashuka.
Mstari. Geuza. Uso mpya.
Kwapa, kitambaa kingine.
Nikamkausha kwa kugusagusa, bila kuvuta.
Akanitazama muda mrefu,
kisha kwa nusu ya mdomo iliyombakia akauliza:
"Nani alikufunza?"
Nikasema, "Kazini."
Pengine alidhani ni hospitali.
Sikutaja Subaru.

Haya, shika wewe. Mlango wa nyuma.
Legeza bega. Hilo ni bega la kubeba magunia.
Pumua.
Ndiyo, hivyo. Ona vile unang'aa,
hadi namba ya nguzo inasomeka ndani yake, kinyumenyume.

Kimekuponyoka.
Kimeanguka sakafuni, sekunde moja tu,
ukakiokota haraka kama tonge.
Unanitazama.
Bi Nkatha anashuka saa kumi na moja.
Vitambaa vikavu vimekwisha, na hicho kwa macho
hakina kitu.

Mimi sijasema neno.
Mimi natazama ndoo.