Njia ya Kando

Barua ilikuja Jumanne, imekunjwa mara tatu:
nyumba za reli zirudishwe kabla ya mwisho wa mwezi.
Miaka thelathini na mmoja, mistari minne.
Nyafwono aliisoma, akaibana chini ya kopo la chumvi,
akaendelea kupepeta ulezi.

Mimi sikupepeta kitu.
Nilikwenda kusimama penye mtaimbo wangu,
pale reli ya Mbale inapoagana na ya Jinja.
Majani yamefika magotini,
na kutu imekalia pale kiganja changu kilipokuwa kikikaa.
Nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia mbele ya padri.
Nikamwuliza: kweli unajua unachokifanya?
Mimi Obbo, nisiyechelewa zamu hata siku ya matanga ya baba,
leo nimesukumwa kando kama behewa bovu?

Jiwe la Tororo likanitazama tu.

Usiku ule nikamsimulia Nyafwono habari anayoijua kuliko mimi:
mwaka wa foleni za sukari, mvua ya mawe,
treni ya pamba inashuka kutoka Soroti,
nami nikaigeuza, ikaingia njia ya kando, ikafa hapo.
Esomu, dereva, aliruka chini akanitukana
kwa Kiteso, kisha kwa Kiswahili cha kambini,
akaanza na mama yangu akamalizia na ndevu zangu.
Alitaka kulala Jinja.
Sikuwa na la kumjibu. Simu ilikuwa imesema maneno matatu
kabla waya haujakatika:
mabehewa ya saruji yanateremka.

Yakapita.
Giza lenye magurudumu,
na upepo ulioizima taa mkononi mwangu.
Esomu akakaa juu ya taruma, katika maji,
akaomba sigara, naye havuti.

Nyafwono akauliza, akiwa amenipa mgongo:
"Ulimweleza kwanza, au uligeuza kwanza?"
"Niligeuza kwanza."
Akavuta blanketi.
Mwanamke huyu huua nyoka kwa kijiti kimoja, kisha hulala.

Mimi sikulala.
Siwezi kusema uongo: saruji yangu sijaiona ikipita.
Labda haitapita macho yangu yakiwa wazi.
Labda hakuna saruji yoyote, kuna nusu eka tu kule Kisoko,
bati linalovuja, na mbuzi wa shemeji wasiojua mipaka.
Lakini mkono usioonekana gizani, huo naufahamu.
Nimekuwa mkono huo.
Hulowa. Hufa ganzi. Hutukanwa.
Wala hauachi mtaimbo
mpaka taa nyekundu ya behewa la mwisho ipotee kwenye kona.
Kama mimi, mtu wa mshahara na malaria, sikuuacha,
itakuwaje Yeye?

Leo alfajiri pikapu ya Wandera imefika.
Kitanda, cherehani, kuku sita waliofungwa miguu,
picha ya Moyo Mtakatifu katikati ya gunia la nguo
ili kioo kisipasuke.
Taa ya ishara niliirudisha ofisini;
karani aliigeuza-geuza, hakujua aiandike katika daftari gani.

Kabla ya kupanda gari nilirudi mara moja pale njia panda.
Nikatia mafuta ya kupikia kwenye bawaba,
nikasukuma kwa bega, na kwa nguo ya Jumapili.
Reli ikasogea. Upana wa kidole.

"Mzee," Wandera akauliza, "tupite barabara gani?
Ile ya zamani imechimbwa, hii mpya siijui."
Nikatazama mbele. Ukungu mtupu.
"Washa tu," nikamwambia.
Nyafwono, kuku mapajani,
akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.