Vidole Vinne

Mama yao kajifungua Jumatatu, hatoki nje.
Ubatizo Jumapili. Nguo za hawa watatu nikanunue mimi,
mimi ninayejua kupima saruji kwa sepetu
na si kiuno cha mtoto.

Sina futi ya fundi. Nilikata kamba:
ya katani kwa Oketcho,
ya kiatu kwa Owere,
na uzi wa sweta, mwekundu, kwa Nyadoi.
Nikawapanga ukutani usiku, taa ya sola inafifia,
nikafunga fundo penye kiuno, fundo penye bega,
kimyakimya, kama mtu anayehesabu deni.

Sasa niko sokoni Tororo.
Robota limepasuliwa, limemwagika juu ya turubai,
linanuka dawa ya nondo na makabati ya watu nisiowajua.
"Elfu mbili, inama uchague! Elfu mbili, inama!"
Tunainama. Soko zima limeinama,
mwamba peke yake umesimama.

"Wana miaka mingapi?" ananiuliza Mama Taaka.
Miaka!
Oketcho ana kumi na mitatu:
suruali ikimfika kisigino, kiunoni inamdondoka,
ikimshika kiunoni, inaishia kwenye ugoko.
Owere ana kumi na mmoja,
na mashati yanayombana mdogo wake, Nyadoi wa miaka tisa,
ndiyo anayorithi yeye,
urithi unaopanda mlima.
Akiyavaa hatoki kucheza.
"Usiulize miaka," nasema, "uliza kamba."

Anauchukua uzi mwekundu, anaunyoosha, anacheka.
"Huyu ndiye wa miaka tisa? Si kiuno cha mama yake hiki?"
Meza ya jirani nayo ikacheka.
Nikacheka.
Mungu anisamehe, nilicheka,
kikanikwama kooni kama mwiba wa ngege.

Ndipo nikakumbuka.
Uzi ulipomzunguka jana usiku
Nyadoi alivuta tumbo ndani,
akabana pumzi, macho darini,
midomo kaifumba kama anayepiga mbizi,
nami nikafunga fundo papo hapo
nikijifanya sikuona.

Na Owere je? Owere alichuchumia,
kifua mbele, askari wa gwaride,
na ndani ya shati, nadhani, kulikuwa na shati jingine.

Kwa hiyo nimebeba uongo mfukoni, kamba mbili nzima.
Ya katani tu ndiyo kweli,
maana Oketcho alipimwa akisinzia.

Naweka vidole vinne baada ya fundo la uzi,
vidole vyenye saruji kwenye kucha.
"Niongezee hapa."
Navirudisha viwili nyuma kwenye kamba ya kiatu.
"Hapa nipunguzie."
Mama Taaka akaacha kucheka.
Akaviangalia vidole, akaniangalia mimi,
akazama kwenye rundo mpaka mabegani
akaibuka na gauni la kijani, zipu mgongoni.
Akaugeuza mshono wa ubavuni, akanionyesha:
"Una akiba huu. Hata ale Krismasi yote."
Akataka saba, nikatoa tano, tukaachana kwenye sita.

Nyumbani Nyadoi alilivaa pumzi kaibana,
ndiyo mazoea yake.
Zipu ikapanda, haikugoma njiani.
Akangoja. Nasi tukangoja,
hata kichanga kikanyamaza.
Akaiachia pumzi kidogo kidogo
kama anayelitua yai juu ya saruji,
na gauni halikusema kitu.

"Baba, ulijuaje?"
"Kamba ilisema."
Akanitazama kwa muda, akaenda kujizungusha uani.

Owere kakunja mikono ya shati jipya, mara moja tu,
anatembea kama mwenye duka.

Suruali ya Oketcho sikuipata.
Nilipindua rundo mara tatu, hakuna
mtu mrefu hivyo na mwembamba hivyo aliyewahi kutoa nguo.
Ataingia kanisani na ya shule, ugoko nje.
Kamba yake iko hapa bado,
ile iliyosema kweli.