Kucha Sita

Sonara Abílio ametandika mahameli nyeusi
dukani kwake Gondomar, mvua ikigonga kioo,
akaweka mbili.

Ya kwanza: jiwe moja, kucha sita, limeinuliwa juu
kama mtoto aliyebebwa begani aone gwaride.
Mama yako alivaa hii. Na mama yake.
Picha zote za ukutani kwenu zinaijua.

Ya pili haina ukoo.
Jiwe limelala chini, limezungushiwa ukingo wa dhahabu,
na pembeni nyuzi nyembamba zimesokotwa
nisijue zinaanzia wapi.

"Chagua, Leonilde," ukasema, halafu ukatazama ya kwanza.
Nilikuona, Tibúrcio.

Chanda chema huvikwa pete, sawa.
Lakini changu kina baka la tanuri,
saa tisa usiku kimo ndani ya unga,
na kucha sita ni meno sita:
zitakula kinyunya, zitachana glavu,
siku moja zitaachia jiwe ndani ya mkate wa mtu,
na mtu huyo atakuwa Dona Graciete, na meno yake ya bandia.

Abílio akacheka. Wewe hukucheka.

Nikavaa ya mama yako, kwa heshima.
Ilinipendeza. Hilo ndilo lililoniudhi.

Nikavaa ya pili. Nikakunja ngumi, nikakunjua,
nikakanda hewa mara tatu, nne.
Haikunasa kitu.
Ukaushika mkono wangu, ukapapasa ule ukingo
kwa kidole gumba, polepole, kama atafutaye swichi gizani,
ukamuuliza Abílio bei.

Mama utamwambia wewe.